Kiti Tundu la Kwanza

Katika banda la ndege ndogo za kukodisha, ambako ndege nne na feni moja mbovu viligawana kivuli cha bati, alifanya kazi mwanamke mwenye kinyongo cha miaka sita. Alikitunza vizuri kuliko watu wengi wanavyotunza magari yao. Hakukipigia kelele. Kila asubuhi alikikagua, akahakikisha hakijalegea popote, kisha akavaa ovaroli.

Alikuwa fundi wa umeme na redio. Wenzake walimwita Mama Fyuzi, jina alilopewa na mtu mmoja kwa nia mbaya, nalo likamganda kama gundi ya mpira. Mtu huyo alikuwa fundi mkuu wa banda, aliyeitwa Mlingoti kwa sababu zinazoonekana kutoka mbali. Urefu wake ulimlazimisha kuinama katika kila mlango, jambo lililowafanya wageni wadhani ni mnyenyekevu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Miaka sita nyuma, ndege ya viti vinne waliyoiita Bi Harusi, kwa kuwa ilikuwa nyeupe na haikuwahi kuwa tayari kwa wakati, ilipoteza umeme wote ikikaribia kutua uwanja mkubwa. Aliyekuwa akiirusha ni mfamasia mmoja mfupi, mtu wa kujiburudisha mwisho wa wiki. Redio ilikata katikati ya neno, taa zikazimika, na mwongoza ndege mnarani akalazimika kummulikia taa kwa mkono kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara. Injini ya ndege hizi ikishawaka haitegemei betri, kwa hiyo mfamasia alitua salama. Akashuka, akaketi juu ya lami, na tangu siku ile inasemekana hata lifti hapandi.

Siku mbili kabla ya hapo, Mama Fyuzi alikuwa amebadilisha redio ya Bi Harusi. Mlingoti aliikagua ndege kwa nusu saa, kila kitu kikawaka, hakuona kitu. Lakini kitabu cha hitilafu kina safu iliyoandikwa "Chanzo", na nafasi tupu huwatia wakuu wasiwasi. Akaijaza: Uzembe wa fundi wa redio. Maneno matano. Wiki iliyofuata mamlaka ya usafiri wa anga ikamnyang'anya Mama Fyuzi muhuri wake.

Fundi asiye na muhuri anaweza kufanya kazi yote, ila hawezi kusema kwamba imefanyika. Anafunga nyaya, mwingine anapiga muhuri. Anatafuta hitilafu siku tatu, mwingine anaandika "imetengenezwa" kwa sekunde tatu. Mama Fyuzi alibaki kung'arisha vichwa vya betri na kuzichaji, huku vijana aliowafundisha kushika bisibisi wakimwekea saini.

Watu walimuuliza kwa nini hakuhama. Jibu lilikuwa katika kanuni za kitabu chenyewe. Kitabu cha hitilafu hakifutwi, hakipakwi rangi nyeupe, hakichanwi ukurasa. Kilichoandikwa kimakosa hupigwa mstari mmoja na yule yule aliyekiandika, kwa mkono wake, na saini pembeni. Duniani, basi, kulikuwa na mkono mmoja tu ulioweza kuyapiga mstari maneno yale matano, nao ulikuwa wa Mlingoti. Mama Fyuzi aliutaka mkono ule ufanye hivyo, na aliutaka ufanye hivyo bila raha.

Nyumbani kwake maoni yaligawanyika. Mume wake, mkutubi mpole anayepanga hata vijiko kwa ukubwa, alikuwa upande wa amani.

"Msamehe tu, mke wangu. Hizo hasira zitakupa vidonda vya tumbo."

"Nimeshavipata. Sasa nataka na faida yake."

Mama yake mzazi, mpiga chapa mstaafu aliyeishi nao chumba cha mbele, alikuwa upande mwingine kabisa. Kila jioni binti yake alipoingia na kuvua viatu, bibi aliuliza bila kuinua macho kwenye ufumaji wake:

"Amekufa?"

"Nani, Mama?"

"Huyo bosi wako."

"Hajafa."

"Haya. Kapumzike, mwanangu. Kesho nayo ni siku."

Bi Harusi yenyewe, baada ya mkasa wa mfamasia, ilikodishwa kwa miaka mitano mfululizo na kampuni ya kupima ardhi. Rubani wa kampuni hiyo alikuwa na miguu ya korongo na hakuwahi kulalamika hata mara moja. Mlingoti alilifurahia hilo. "Unaona?" alimwambia Mama Fyuzi mbele ya watu, kila mkataba ulipohuishwa. "Tangu mkono wako uache kuigusa, imepona yenyewe." Watu walicheka, kwa sababu yeye ndiye aliyepanga likizo zao.

Mwaka jana ndege ikarudi, na pamoja nayo akaja daktari wa meno.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuamuru midomo ifunguliwe. Aliikodi Bi Harusi kila Jumamosi, akazunguka nayo saa moja juu ya mashamba, akarudi. Na karibu kila aliporudi aliandika kitabuni kwa mwandiko unaosomeka, ajabu kwa daktari: Redio imekata. Taa za dashibodi zimezimika, zimerudi. Redio imekata tena. Na kila Jumatatu, katika safu ya pili, Mlingoti alijibu: Imekaguliwa. Ni nzima.

"Daktari," alimwambia siku moja, amejikunja mlangoni mwa ofisi, "ukitaka kuongea na mnara unabonyeza kitufe, basi. Taratibu. Si kama unang'oa jino."

"Bosi, mimi mgonjwa akinyamaza simwambii jino zima. Namwambia afungue mdomo."

"Sasa ndege nayo ina mdomo?"

"Wewe unao. Na bado sijasikia kitu cha maana."

Mama Fyuzi alikuwa chini ya bawa la ndege ya pili, akifuta betri. Akatabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule, kisha akaanza kufikiri.

Mchana wakati wenzake wanakula, alivuta vitabu vya Bi Harusi kabatini, cha zamani na cha sasa, akavisoma kama watu wanavyosoma barua za siri. Hakusoma hitilafu. Hitilafu alizijua kwa moyo. Alisoma majina ya waliolalamika. Mfamasia. Daktari wa meno mara tisa. Mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuja mara mbili akakata tamaa. Kisha akasoma majina ya wasiolalamika: rubani wa kupima ardhi, miaka mitano, wakili mmoja mwenye viatu vya namba kumi na mbili, na Mlingoti mwenyewe, aliyeijaribu angani mara sita na kuandika mara sita kwamba ni nzima.

Mama Fyuzi alimkumbuka yule mwalimu wa hesabu, mtu mfupi. Alikuwa akisimama juu ya kreti ya soda ili kupima mafuta kwenye bawa.

Jumamosi iliyofuata akamfuata daktari wa meno ndegeni.

"Daktari, samahani. Ukiingia humu, unafanya nini kwanza?"

"Nasali."

"Na baada ya hapo?"

"Navuta kiti mbele. Mpaka mwisho. La sivyo miguu haifiki, naonekana kama mtoto kwa kinyozi."

"Hebu vuta nione."

Daktari akawasha umeme, akavuta. Kiti cha rubani katika ndege hizi hutembea juu ya reli mbili zenye matundu, na pini hujifungia katika tundu unalolitaka. La kwanza ni la mbele kabisa. Pini ikaingia tundu la kwanza, na mahali fulani mkiani mwa ndege pakasikika sauti ndogo, tak, kama mtu aliyegonga ulimi kaakaani. Taa za dashibodi zikazimika. Redio ikanyamaza.

"Ndiyo hii!" daktari akapaza sauti. "Ndiyo hii ninayowaambia!"

"Rudi nyuma, Daktari."

Tundu la tatu. Tak. Taa zikawaka.

Sauti ile Mama Fyuzi aliijua. Ilikuwa rilei ya betri, swichi kubwa iliyo mkiani karibu na betri yenyewe, inayoshikiliwa na waya mwembamba mmoja unaotoka swichi kuu ya dashibodi na kupita chini ya sakafu. Waya huo ukikatika, rilei inaachia, na ndege nzima inakuwa sanduku lenye mabawa. Mtu fulani alikuwa ameupitisha mahali ambapo mguu wa kiti, ukifika tundu la kwanza, unaukandamiza. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika ndani ya ganda lake zikabaki zinagusana tu. Kiti kikisogea mbele zinaachana, kikirudi nyuma zinapatana.

Na hapo akaelewa kwa nini hakuna fundi aliyewahi kuiona hitilafu ile kwa miaka sita, yeye mwenyewe akiwamo, jambo ambalo halikumpendeza. Ili fundi aingie chini ya dashibodi na tochi yake, kitu cha kwanza anachofanya, kabla hata ya kushika bisibisi, ni kusukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Kila aliyekwenda kuitafuta hitilafu alianza kwa kuiponya.

"Daktari, leo huruki."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Nakuamini," daktari akasema, akafungua mkanda. "Wewe ndiye wa kwanza kuniangalia mimi badala ya redio."

Mama Fyuzi hakufunua kapeti. Fundi mwenye moyo mwema angelifunua, angebadilisha waya kwa nusu saa, na Mlingoti angeandika "uchakavu" na kuupigia muhuri wake. Mama Fyuzi alimfikiria fundi huyo mwema kwa muda, akamwonea huruma. Kisha akafanya mambo mawili. Aliing'oa betri ya Bi Harusi na kuiweka kwenye benchi la kuchajia, ili hata mwendawazimu asiweze kuirusha, akaandika kwenye kadi ya betri: imetolewa Jumamosi, saa nane na robo mchana. Halafu akafungua kitabu cha hitilafu. Kuripoti hakuhitaji muhuri. Hata mfagiaji anaruhusiwa. Akaandika kwa herufi kubwa: UMEME WOTE UNAKATIKA KITI CHA KUSHOTO KIKIWA TUNDU LA KWANZA.

Hakuwa amemwekea Mlingoti mtego wowote. Alikuwa amemwandikia ukweli wote na kumwachia aishi kama alivyozoea.

Jumapili mume wake alimkuta akipiga pasi huku anaimba.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Mama," mume akamwita mkwewe, "binti yako anaimba."

Bibi akaweka ufumaji chini. "Anaumwa?" akauliza. "Au anaumwa yule bosi?"

"Bado, Mama. Alhamisi."

Jumatatu saa mbili asubuhi, Mlingoti alipita na kikombe cha chai, akafungua kitabu juu ya pipa, akasoma mstari ule, akacheka puani.

"Mama Fyuzi! Sasa umeme unakatwa na matako?"

"Nimeandika nilichokiona, Bosi."

"Umeona wewe, au ameona yule daktari wako?"

"Wote wawili."

"Mmekuwa kwaya." Na akaandika, kikombe mkono wa kulia, kalamu mkono wa kushoto: Imekaguliwa. Ni nzima. Akapiga muhuri. Bi Harusi ilikuwa hatua ishirini kutoka pale, milango imefungwa, haina betri tangu Jumamosi. Mama Fyuzi alitazama wino ukikauka, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akamtakia bosi wake siku njema kwa dhati.

Alhamisi akaja mkaguzi wa mamlaka, kama kila mwaka. Alikuwa mwanamume mkavu mwenye begi la ngozi na tabia ya kurudia neno la mwisho la kila anayeongea naye. Mlingoti alimtembeza bandani, akampa kiti kizuri, akamwonyesha zana zilizopangwa. Asubuhi ile Mama Fyuzi alikuwa amekwisha kuirudisha betri na kuandika saa yake kwenye kadi. Sasa akasogea, mikono nyuma.

"Mheshimiwa, kanuni inamruhusu mfanyakazi yeyote kuomba hitilafu iliyofungwa ijaribiwe mbele yako."

"Mbele yangu," akasema mkaguzi.

"Mheshimiwa, huyu mama ana historia," Mlingoti akaingilia, akitabasamu kwa masikitiko. "Tunamvumilia."

"Mnamvumilia. Ni hitilafu ipi?"

Mama Fyuzi akamwonyesha mstari. Mkaguzi akausoma mara mbili, ripoti na jibu lake.

"Uliikagua wewe, Fundi Mkuu?"

"Mimi mwenyewe. Jumatatu asubuhi."

"Basi haitakusumbua kukaa."

Mlingoti akaingia Bi Harusi kama mtu anayerudishwa kwenye boksi alilonunuliwa nalo. Akawasha swichi kuu. Akaita mnara kwa redio, na mwongoza ndege akajibu kwamba anamsikia vizuri sana. Akageuka dirishani, uso umejaa subira.

"Kiti mbele, Bosi," Mama Fyuzi akasema.

"Mbele kiasi gani?"

"Kama ulivyokiweka Jumatatu, ulipokagua."

Mlingoti akavuta. Tundu la sita, magoti yakagusa dashibodi. La nne, yakapanda. La pili, usukani ukamkaa kifuani.

"Hakiendi tena."

"Daktari wa meno kinamwendea."

"Mimi si daktari wa meno!"

"Panua magoti, Bosi. Taratibu. Si kama unang'oa jino."

Mafundi waliokuwa wamesogea wakatazama viatu vyao kwa makini mno. Mlingoti akapanua magoti, moja likatokea dirishani, akavuta. Pini ikaingia. Tak. Mwongoza ndege alikuwa katikati ya sentensi, hakuimaliza.

Mama Fyuzi akasogea kando, mkaguzi aone vizuri.

"Rudisha," mkaguzi akasema. Umeme ukarudi. "Mbele." Ukakatika. Alimrudisha na kumpeleka mbele mara saba, zaidi kidogo ya mahitaji ya uchunguzi, kisha akauliza: "Jumatatu ulikagua kwa umeme upi?"

"Wa betri. Kama kawaida."

"Kama kawaida." Mkaguzi akanyoosha mkono, na Mama Fyuzi akampa kadi ya betri. Akaisoma. Akaisoma tena. Hakurudia neno lolote.

Ndipo kapeti likafunuliwa, skrubu nne. Waya ulikuwa umelala nje ya mfereji wake, umefungwa kwenye nguzo ya reli kwa uzi wa nta, na fundo lilikuwa limevutwa kwa mkono wa kushoto. Bandani palikuwa na mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto. Kitabu cha zamani kikamaliza kazi: waya wa rilei, mpya, umepitishwa na fundi mkuu, tarehe yake wiki tatu kabla ya mfamasia kuketi juu ya lami.

Mlingoti alikuwa bado kitini, kwa sababu kutoka tundu la kwanza kulihitaji msaada, na hakuna aliyejitolea.

Mambo mengine yalikwenda kwa mwendo wa ofisi za serikali. Ilichukua wiki tano, mtihani mmoja na picha nne za pasipoti. Muhuri wa Mlingoti ulisimamishwa mwaka mzima, na Mama Fyuzi akarudishiwa wake, ule ule wa zamani, namba ile ile, ukiwa kwenye bahasha. Barua ya mamlaka ilisema kwamba waya ubadilishwe na aliyeukosea, chini ya usimamizi wa fundi wa redio, na kwamba Bi Harusi haitaruka mpaka maandishi yote yasiyo sahihi yarekebishwe.

Mlingoti alilala chali chini ya dashibodi, nusu ya miguu yake nje ya mlango, akapitisha waya mpya. Mama Fyuzi alikaa juu ya kreti ya soda na kutazama. Kazi ya kwanza ilikuwa na fundo legevu.

"Fungua. Anza upya."

Kazi ya pili ilikuwa safi, nyaya zimenyooka, mafundo yamelingana. Hata mamlaka wangeipiga picha.

"Fungua," akasema. "Anza upya."

"Hii ina kasoro gani?"

"Haina."

Mlingoti akamtazama kutoka chini, kisha akachukua koleo akafungua.

Ya tatu ilipokwisha, akavuta kitabu cha sasa na kuandika katika safu ya chanzo: Uchakavu wa waya. Mama Fyuzi akaurudishia muhuri kofia yake bila kuupiga.

"Waya haukujipitisha, Bosi."

"Mama." Alishusha sauti, hakusema Fyuzi. "Nina miaka thelathini na moja kwenye kazi hii. Nibakishie kitu."

Mama Fyuzi akalifikiria. Lazima isemwe kwamba alilifikiria. Alitazama mikono ile mirefu yenye grisi, mvi zilizoanza juu ya masikio, akatafuta ndani yake mahali ambapo huruma ingekuwa kama ingekuwapo. Palikuwa pasafi, pamefagiwa.

"Mimi ulinibakishia betri," akasema. "Zipo pale."

Mlingoti akaupiga mstari uchakavu, akaandika. Uzembe wa fundi mkuu. Mama Fyuzi akapiga muhuri polepole, akaukandamiza kila kona, akaupuliza ingawa wino ule hukauka wenyewe.

Kikabaki kitabu cha zamani. Alikuwa amekifungua tayari kwenye ukurasa wenyewe, akamgeuzia. Mlingoti akapiga mstari juu ya maneno matano, kwa mkono wa kushoto, akatia saini pembeni, akafunga kalamu. Mstari ulikuwa mmoja, kama kanuni inavyotaka, na chini yake maneno bado yalisomeka vizuri tu.

Mama Fyuzi aliyasoma. Kisha akaichukua Bi Harusi kwa mpini wa kuvutia gurudumu la pua, akaivuta juani, na kwenda kumpigia simu daktari wa meno kwamba kiti chake kiko tayari.